Mluba Nyumbani kwa Mzee Fintan

Annonciata Ngoie hakuwa mtu wa kujishusha. Ukimuuliza kazi yake, hakujibu kwa kunong'ona kama wale wanaoona haya kusema kwamba wanaogesha wazee. Alikuambia waziwazi kuwa kutoka Alief hadi Sugar Land, huko Texas, hakuna mlezi wa kumfikia, na kwamba mzee wa kumshinda yeye bado hajazaliwa. Na hakuwa akijigamba bure. Wazee waliowarushia walezi wengine bakuli za uji, kwake walikula na kuomba waongezewe.

Kwa hiyo mwaka 2018, kampuni ya walezi ilipompigia simu kuhusu mzee mmoja wa Sugar Land aliyekwisha kuwafukuza walezi watatu, Annonciata aliuliza jambo moja tu: saa za kazi. Akaambiwa ni mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa kuwa ulezi wa wikendi haukulipa kodi, alikuwa amesimama ghalani akipanga vifurushi zamu ya usiku kwa miaka minne, mpaka miguu ikawa haiingii viatuni. Kazi ya mchana aliitamani kama mgonjwa anavyoitamani nafuu. Akasema anakwenda.

Mlangoni alipokewa na Orla, binti wa mzee. Orla alimweleza kwamba baba yake, Fintan Hanratty, ana miaka sabini na minane, alihamia Texas ujanani kufanya kazi kwenye visima vya mafuta, na sasa moyo umechoka na magoti yamegoma. Kisha akashusha sauti. Kabla ya Texas, baba yake alikuwa askari wa Ayalandi, na mwaka 1960 alipelekwa Kongo pamoja na jeshi la Umoja wa Mataifa. Huko wenzake wanne waliviziwa darajani wakauawa na vijana wa Kiluba.

"Sijui wewe unatoka Kongo ya wapi," Orla alisema, "lakini naomba kabila hilo lisitajwe humu ndani. Mpaka leo analitaja usingizini huku analia."

Sasa, Annonciata ni Mluba. Mluba wa baba na wa mama, wa kule Nyunzu, safari ya siku moja kutoka Kalemie, mji wa kando ya ziwa. Lakini mdomo ulitangulia akili. "Mimi natoka Bukavu," akasema, Bukavu ambayo hajawahi hata kuikanyaga.

Jioni alimsimulia rafiki yake Prudensia, Mtanzania wa Pearland, muuguzi, ambaye waliimba naye kwaya moja. Prudensia alicheka. "Shoga, umefanya la maana. Funika kombe mwanaharamu apite. Kazi ya mchana, tena na benefits, uta-find wapi nyingine?" Annonciata alikubali kwa mdomo tu. Moyoni aliona aibu, si aibu ya kuwa Mluba, bali ya kumkana baba yake aliyelala kaburini ili apate ratiba nzuri.

Na mzee mwenyewe, loo, alikuwa msumbufu wa kupendeza. Siku ya kwanza alikataa kunyolewa ndevu. Annonciata alimwambia sawa, abaki na ndevu, ila ajue anafanana na mbuzi wa mjomba wake. Mzee akanyoosha shingo anyolewe. Tangu hapo walielewana. Alimfundisha mzee kula sombe, mboga ya majani ya muhogo, na mzee alimfundisha kunywa chai nyeusi kama lami. Mchana alimsukuma kwenye kiti chake hadi kivulini, wakapiga soga.

Soga za mzee zilikuwa za vita, kwa kuwa ukoo wake haukuwa na nyingine. Baba yake mkubwa alivaa sare ya mfalme wa Uingereza akaacha mguu mmoja Ufaransa. Miaka minne baadaye baba yake mzazi alishika bunduki hukohuko nyumbani kuwapiga askari wa mfalme yuleyule. Waingereza walipoondoka, Waayalandi wakageukiana wao kwa wao, na ndugu hao wawili hawakukaa tena meza moja, hata Krismasi, hadi mauti.

"Mimi ndiye wa kwanza kwetu kuvaa sare bila kumuudhi mtu wa nyumbani," mzee alisema. "Nilitumwa kulinda amani. Nilikuwa na miaka ishirini na sikujua hata Kongo iko upande gani."

Annonciata alisikiliza akitikisa kichwa. Ndugu kususiana meza kwa sababu ya vita, hilo hakuhitaji kuelezwa. Lakini kila mzee alipofika kwenye habari za Kongo, yeye alikumbuka ghafla kwamba kuna nguo za kukunja.

Ilipofika tarehe kumi na mbili Desemba, mzee aliomba aletewe picha iliyokuwa kabatini na mishumaa minne. Siku hiyo kila mwaka aliwawashia wenzake. Picha haikuwa na maandishi yoyote. Ilionyesha vijana wa kizungu wamejipanga mbele ya jengo, wamevaa sare nzito za sufu zilizofungwa vifungo hadi kooni, nyuso zinawatoka jasho. Annonciata aliangua kicheko kabla hajajizuia.

"Nani aliwavalisha mablanketi hapo gare ya Kalemie?"

Mzee hakucheka. "Ulisema unatoka Bukavu," akasema. "Umeitambuaje stesheni ya Kalemie?"

Hapo angeweza kuongeza uwongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Angesema alipita Kalemie kibiashara, na mzee angeamini, na kazi ingeendelea. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini Annonciata alikuwa amechoka kuwa mtu wa Bukavu. Alizima jiko, akavuta kiti, akakaa mbele ya mzee, ingawa kampuni haipendi walezi wakae.

"Mimi ni Mluba," alisema. "Nilimdanganya binti yako, na ninaomba radhi kwa kudanganya tu, si kwa kuwa Mluba. Askari wa Katanga iliyojitenga na mamluki wao wa kizungu walichoma kijiji chetu. Vijana wakashika mishale. Wakiona mzungu mwenye sare hawakumuuliza anatoka nchi gani. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Siku ya daraja alikuwa na homa, akaenda kaka yake, Banza. Hakurudi. Mwili haukuonekana. Nyumbani kwetu nao wanakumbukwa wafu wa daraja lile."

Mzee aliitazama mishumaa ambayo bado haijawashwa. Mwishowe akasema, bila ukali, "Nenda nyumbani, Annonciata."

Alilia ndani ya gari, mwenyewe peke yake, akalia vizuri. Alipompigia Prudensia na kuambiwa, "Si nilikuonya," Annonciata alijibu kwamba alionywa ndiyo, lakini mkataa kwao mtumwa, na yeye utumwa wa namna hiyo haujui. Usingizi ulipomjia, Annonciata alikuwa ameshakubali moyoni kwamba anarudi kwenye vifurushi.

Asubuhi kampuni haikupiga simu. Basi alivaa sare yake iliyopigwa pasi, akaendesha hadi Sugar Land, maana kama ni kufukuzwa, alitaka afukuzwe amesimama. Akamkuta mzee jikoni, amevaa koti, macho mekundu. Mishumaa ilikuwa imekwisha kuungua.

"Huyo baba yako mkubwa," mzee alisema, "anaitwa Banza?"

"Banza Ngoie."

"Sikuwepo wakati wa mapigano. Nilifika kesho yake na kikosi cha kuwatafuta wenzetu. Tukawapata wote wanne. Majanini walikuwa wamelala vijana wengine sita, na karibu yao mishale. Amri ilikuwa tuondoke haraka. Mimi na mwenzangu mmoja tulikataa. Tulichimba saa tatu nzima." Akasogeza vibaki vya mishumaa pembeni. "Niliporudi kwetu, watu walitaka kusikia habari za washenzi. Ningewaambiaje kwamba niliwazika waliowaua rafiki zangu? Niliona nimewasaliti. Orla anafikiri naota naogopa. Sijawahi kuwaogopa. Naota nachimba."

Jikoni kwa mzee ilikuwa saa tatu asubuhi, na Kalemie ilikuwa saa kumi na moja jioni. Annonciata akatoa simu, akampigia shangazi yake, Tantine Clothilde, dada yake Banza, bibi wa miaka sabini na minane, wa pekee kati ya ndugu wale aliye bado hai. Akamweleza polepole, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza bibi hakuamini.

Clothilde akauliza, "Muulize ule mzee, aliwalalisha namna gani?"

Annonciata alitafsiri. Mzee alifumba macho.

"Mmoja mmoja, kila mtu na shimo lake, ukingo wa kushoto wa mto ukitoka ziwani," alisema. "Miguu mashariki. Ndivyo tunavyozika kwetu, ili siku ya ufufuo mtu ainuke akitazama jua. Sikujua wao wanazikwaje. Niliwazika kama ambavyo ningemzika baba yangu."

Annonciata alitafsiri neno kwa neno hadi mwisho.

"Basi aliwazika kama watu," Clothilde alisema. "Mwambie asante. Mwambie mama yetu alikufa akisikilizia mlango, labda Banza anarudi." Kisha akasikika akimwita mjukuu wake alete wembe na maji, amnyoe nywele kama desturi ya kumaliza msiba, kwa sababu matanga ya Banza, yaliyokaa wazi tangu 1960, yanaisha leo.