Siku Niliyojificha Ndani ya Lori Langu

Kufikia umri niliokuwa nao siku ile hakuna kitu ambacho kingeweza kunishangaza, na sisemi hivyo kwa kujitapa. Shule niliishia darasa la nne, Sindeni, nikatoka na jembe begani, na leo wenzangu waliosoma mpaka wakavaa miwani wananiwahi kwa salamu. Biashara ilipofunguliwa, watu bado wakiulizana kama ruksa ni ruksa kweli, mimi nilikwishafika Tanga na kurudi na robota la mitumba. Nikahamia kwenye mahindi. Nikanunua lori bovu, nikalifufua mwenyewe. Nikajenga Kwamndolwa nyumba ya matofali ya kuchoma. Niliona mashamba ya mkonge yakifungwa na wanaume wazima wakilia barabarani, niliona kiangazi kikilaza ng'ombe wa wafugaji zizi zima. Nikasikitika, ndiyo. Kushangaa, hapana.

Binti yangu mkubwa alipochaguliwa chuo kikuu, niliwatangazia watu wa sokoni kwamba nyumba yangu inatoa mwanasheria. Likizo ya kwanza akarudi, akaniamkia, akakaa mkekani, akasema anasomea sayansi ya michezo.

Muuza chumvi mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, hakunihurumia. "Bwana mkubwa, umeuza mahindi yote yale mtoto akafundishwe kukimbia? Si ungemfungulia mbwa tu, angejifunza bure!"

"Mbwa wako wewe?" nikamjibu. "Amekonda kama kipimo chako cha chumvi, atamkimbiza nani?"

Watu wakacheka. Lakini nilifunga safari mpaka chuoni, maana mimi kitu nikikilipia lazima nikione. Nilidhani nitakuta madawati. Nikawakuta uwanjani, juani, wamepanga koni za rangi. Kijana mmoja amelala chali, mwenzake anamkunja goti na kupima linafika wapi. Wengine wanakimbia wakiwa na mikanda ya kusoma mapigo ya moyo kifuani, na binti yangu, ushungi umefungwa vizuri, filimbi shingoni, anatazama mpira na kuandika bila kutazama mkono wake. Akaniambia, "Baba, huku hatusomi michezo. Tunaisoma miili ya watu." Nikampenda sana siku ile. Sikumwambia.

Sasa niseme habari za mdogo wake, maana haya yote ni yake.

Kijana wangu huyo alikuwa mshambuliaji wa timu niliyokuwa nailea mimi. Jezi zangu, mpira wangu, lori langu la kuwapeleka mechi za upande wa Handeni. Na alikuwa anafunga. Kila mechi niliyokwenda alifunga. Huko kwetu mchezaji akifunga hutuzwa: unaingia uwanjani mbio, mpira umesimama, unambandika noti kwenye paji la jasho, watu wanapiga vigelegele. Mimi nilituza kuliko mtu yeyote katika wilaya mbili. Jasho la mwanangu liliwahi kushika noti tatu kwa mpigo. Nilikwishaongea na watu wa Dar es Salaam, timu kubwa, wakakubali kumjaribu. Kijana hakulala kwa furaha. Alikuwa akipaka viatu mafuta kila jioni, anavifunga kwenye gazeti, anaviweka chini ya mto. Mama yake akimkemea anasema, "Mama, hivi ndivyo vitanitoa."

Mwaka wa mwisho wa chuo, binti akaja nyumbani kwa mafunzo ya vitendo. Alitakiwa akae na timu, aipime, aifanyishe mazoezi kwa utaratibu. Wachezaji walianza kwa kumcheka, wakaishia kumwita kocha. Alikuwa akiwashika shingo kwa vidole viwili, macho kwenye saa, mmoja mmoja, kama mwuguzi. Mechi zote alizirekodi kwa kamera ya chuo, kisha anakaa barazani anazirudia, anasimamisha, anarudia.

Nikamwambia, "Mwandikie mdogo wako karatasi ya chuo aende nayo. Iseme ni mkali."

Akaweka kamera chini. Kisha akasema, "Baba, wakati mwingine unakwenda Tanga kufuata mzigo. Siku hizo mpira haumfikii. Ukiwepo, unamfuata yeye."

"Akimwona baba yake anacheza kwa raha. Hilo nalo linahitaji chuo?"

"Yeye anakimbia vilevile, baba. Moyo wake nimeupima, miguu nimeipima, haibadiliki. Wanaobadilika ni wenzake. Sijui kwa nini." Alikuwa anachezea kamba ya filimbi. "Tunafundishwa kwamba ukishuku jambo, badilisha kitu kimoja tu, vingine viache vilivyo, halafu utazame."

"Na hicho kimoja ni nini?"

"Ni wewe, baba."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia sawa, tujaribu, na akishindwa ataandika ile karatasi kwa wino mwekundu. Tukakubaliana mdogo wake asijue.

Mechi ilikuwa upande wa Handeni, na wenyeji walikuwa timu tuliyocheza nayo mara nyingi. Nikamwachia dereva usukani, nikatangaza kwamba nimepanda basi la Tanga. Kumbe nilikuwa nimejilaza nyuma ya lori, chini ya turubai, nyuma ya magunia matupu. Turubai lilikuwa na tundu, nami jicho langu moja nikaliweka pale. Fikiria mtu mzima, mwenye nyumba na lori, anatazama mpira wa timu yake mwenyewe kama mwizi wa kuku.

Kwa dakika za mwanzo nilikuwa nacheka peke yangu. Kisha nikaacha.

Mwanangu alikuwa anakimbia. Hilo lazima nilishuhudie mbele ya mtu yeyote. Alikimbia kuliko wote. Anafungua nafasi, ananyoosha mkono, anaita, "Hapa! Hapa!" Mpira unapelekwa kwingine. Akiupata kwa kuunyang'anya, beki wa wenyeji anamvaa, anauchukua kwa wepesi kama unavyomnyang'anya mtoto muwa. Nikasema ni bahati mbaya. Halafu akaita tena, mikono yote miwili juu, karibu na lori, yu peke yake kabisa, na kiungo wetu, kijana niliyemnunulia viatu mimi, akamgeukia na kusema kwa sauti ya kirafiki tu, wala si ya ubaya:

"Tulia bwana, mzee hayupo leo."

Mwanangu akashusha mikono, polepole.

Mpaka leo sijui ningefanya nini tofauti. Mapumziko yakafika, binti akaja kusimama kando ya lori kama anayekagua tairi, akasema chini chini, "Baba, inatosha. Twende nyumbani." Lakini mimi si mtu wa kuacha kazi nusu. Tulisema kipindi cha kwanza nisiwepo, cha pili niwepo. Na ndani ya roho yangu nilitaka kumwona akifunga. Nilitaka bao lake lifunike nilichosikia.

Kipindi cha pili kilipoanza nikatokea upande wa pili wa lori, nikajipangusa makapi ya mahindi kwenye koti, nikasogea mpaka kwenye mstari. "Mzee kaja!" watu wakapiga kelele. "Mzee kageuzia njiani!"

Na mpira ukaanza kuja.

Ulikuja kama maji ya mtaro uliozibuliwa. Kiungo akampa. Winga, aliyekuwa na nafasi ya kupiga mwenyewe, akampa. Beki aliyemnyang'anya mara zote zile akateleza mahali pakavu. Mwanangu akabaki na kipa tu, na kipa wa wenyeji akajitupa upande ambao hata upepo haukwenda. Goli likawa tupu kabisa.

Akausimamisha mpira kwa unyayo. Akamtazama kipa pale chini. Akageuka kunitafuta mimi, akaniona, na mkono wangu, Mungu anisamehe, ulikwishaingia mfukoni.

Hakupiga. Aliinama akauokota mpira kwa mikono, akampelekea kipa, akamwekea kifuani kwa adabu kama unavyomrudishia mtu kofia yake. Halafu akakaa palepale, akavua viatu, akaviacha mbele ya goli, akatoka peku kupitia kwa watazamaji. Hakuna aliyezomea. Dada yake alimkimbilia akiita jina lake la utotoni. Hakugeuka. Alitembea mpaka Sindeni kwa bibi yake.

Dar es Salaam hakwenda. Leo ni utingo kwenye lori la mtu mwingine, nami ninayo mawili. Tukikutana mizani au kwenye kituo cha mafuta huniamkia vizuri, "Shikamoo baba," huulizia afya ya mama yake, kisha hupanda juu ya mzigo. Binti alifaulu, anafundisha mkoa wa mbali, watu wanamsifu. Kuna mara moja aliniambia kwa simu kwamba mdogo wake, kwa vipimo vyake, hakuwa mbaya. Kama wangemkaba kweli na kumpa mpira kweli tangu mwanzo, angeweza kufika mahali. "Ila hatutajua, baba." Nikamwambia mtandao unakatika.

Viatu nilivichukua mwenyewe jioni ile. Nilipokuwa navifunga kwenye gunia, watu wamekwishatawanyika, yule kipa wa wenyeji akanijia, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, samahani, ile yangu."

"Ipi?"

Akanitazama kama mtu anayeshangaa kwamba sijui. "Mfungaji akituzwa, hela anawapa wenzake, wao wanagawana, na nusu wananiletea mimi kwa siri. Ndivyo tunavyokwenda siku zote. Leo hakupiga, lakini mzee, mimi nilikwishalala. Mimi kazi yangu niliifanya."

Nilitoa noti ya elfu tano, ile iliyokuwa imekwisha kukunjwa tayari kwa paji la mwanangu. Akaipokea kwa mikono miwili, akajipekua mifukoni, akanihesabia chenji juu ya bodi ya lori, kwa uaminifu kabisa, maana nusu ni nusu. Kwa hiyo siku ile ilinigharimu shilingi elfu mbili na mia tano.