Askari Wasio na Nyuso

Pua ilitoka. Nlikuwa namsugua askari mmoja kwa mswaki, rangi ya zamani inachuruzika pamoja na oili ya breki nnayovulia rangi, mara pua ikabaki kwenye mswaki. Pua nzima, ya gundi ngumu. Chini yake uso ulikuwa bapa, umepitishwa tupa.

Kwa asiyejua: wageni wana mchezo wao wa vita wa mezani. Hupanga majeshi ya askari wa madini ya risasi, urefu wa kidole, kisha hurusha dadu kujua nani kafa. Kazi yangu mie ni kununua vikuukuu, kuvivua rangi na kuvipaka upya, kisha vinakwenda kwa mwenye hoteli Matemwe. Bati hili lenye askari hawa nlilinunua Darajani kwa muuza mitumba. Alisema limetoka nyumba ya wageni iliyofungwa.

Nikamchukua wa pili. Pua ikatoka. Wa tatu, vilevile. Subhanallah! Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

Nyuso zile nlizipiga tupa kwa mkono wangu; pua za gundi kazibandika mtu mwengine baadaye. Nlipoanza kazi hii tulikaa chumba kimoja, mie, mama na kaka yangu. Mama akasema hasali kwenye chumba chenye masanamu yanayomtolea macho. "Ama wao, ama mie." Basi nikawasugua wote macho na pua, nikawapaka nguo tu. Kaka alicheka mpaka akakaa chini. "Jeshi la vipofu! Watampiga nani hawa?" Mama akaridhika, akatandika msala wake. Nani mwengine duniani angefanya kazi ya namna hiyo?

Na jeshi lile liliungua. Ndivyo nlivyoambiwa.

Jiko la mafuta ya taa liliripuka alasiri moja, tukatoka mbio sote. Tulipofika nje nikamuuliza kaka, "Bati langu umelitoa?" Akasema, "Limo ndani." Nikarudi. Nlikuwa napapasa chini ya kitanda, sishiki kitu, boriti lilipoanguka. Mkono wa kushoto ulipona, kama huku ni kupona: vidole viwili havipo, vilivyobaki vimegandana. Miaka yote nikasema, ndiyo kadari yangu.

Jina la kaka yangu silitaji. Ni mtoto wa kwanza wa mama yangu, mwenye duka la misumari na rangi pale Darajani, asiyekosa safu ya mbele msikitini. Anayemjua keshamjua.

Nlikwenda na askari mmoja mfukoni, hajakauka. Kaka alikuwa anapima misumari.

"Karibu, jemadari!" Ndivyo anavyonitania siku zote. "Leo rangi gani?"

Nikamsimamisha askari juu ya meza yake. Kaka akamtazama, mkono wenye misumari ukabaki juu ya mizani.

"Umempata wapi huyu?"

"Mie ndiye nnayeuliza. Hawa si waliungua?"

Palikuwa na mteja. Akamwambia arudi baadaye. Kisha akafuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Nlishawauza, wiki ile ile, kabla ya moto. Kwa mgeni mmoja mwenye nyumba ya wageni. Nlitaka kukwambia, basi tu."

"Uliniambia limo ndani."

"Watu wamejaa, mama analia, nikwambie nini? Kwamba nimekuibia?" Akashusha sauti. "Nlidhani hutaingia. Nani anaingia motoni kwa ajili ya vinyago?"

Njiani nlikuwa nimejipangia matusi, ya kumtosha yeye na duka lake. Badala yake nikautazama mkono wangu kama wa mtu mwengine. Nliuingiza motoni kutafuta bati ambalo yeye, amesimama pembeni ya mama, alijua halimo.

Kaka akamfunika askari kwa kiganja. "Mama asijue, ndugu yangu. Nnakuomba."

Mama anakaa kwa kaka, ghorofani, juu ya duka. Macho yake yamepungua nuru, lakini uso ule bapa ataujua hata kwa kuupapasa.

Nikakiondoa kiganja cha kaka, nikamchukua askari wangu, nikapanda ngazi.