Imesomwa na Kukubaliwa

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Katibu Mkuu wa klabu alinipa ufunguo wa kabati la chuma na onyo moja. "Madame, kazi yako hapa ni kusoma," alisema. "Usitegemee kwamba kuna mtu mwingine atakayesoma katika jengo hili." Nilicheka, nikidhani anamtania mgeni. Nilikuwa nimetoka Lubumbashi miaka mingi kabla, nikasomea ukatibu hapa Brussels, na mpira niliujua kwa kelele za kaka zangu tu. Baada ya wiki moja sikucheka tena.

Ninyi vijana mnaotamani kazi hii mnadhani ni kupeana mikono na nyota mbele ya kamera. Kazi yenyewe ni karatasi. Mkataba wa mchezaji ukikaribia kwisha na klabu ikitaka kumbakisha, huandikwa nyongeza, ambayo sote tuliiita avenant. Kila ukurasa hutiwa herufi za jina pembeni, na kwenye ule wa mwisho mchezaji huandika kwa mkono wake, juu ya sahihi, maneno matatu: lu et approuvé, yaani imesomwa na kukubaliwa. Nimeyaona maneno hayo yakiandikwa mara mamia. Waliokuwa wamesoma kweli wangeenea kwenye teksi moja.

Halafu kulikuwa na plafond. Baraza la wakurugenzi liliweka kiwango ambacho mishahara yote ya timu ya kwanza, ikijumlishwa, haikuruhusiwa kukipita. Ukimwongezea beki, umempunguzia golikipa. Ni jambo ambalo mtoto wa shule angelielewa. Lakini nilifanya kazi chini ya Wakurugenzi wa Michezo wanne, na kila mmoja aliamini kiwango hicho kiliwekwa kwa ajili ya yule aliyemtangulia. Walikuwa wakitoa ahadi mgahawani, wanakumbatiana na mawakala, kisha wananiletea mimi ahadi hiyo, imeandikwa kwenye karatasi ya kufutia mikono, niitafutie nafasi. Walinichosha, nasema wazi.

Wachezaji wetu kutoka Congo walinichosha zaidi, kwa sababu niliwapenda. Walikuja kusaini na pasta, na dada mkubwa, mara moja hata na msusi wa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, aliyekuwa na maoni mengi kuhusu bonasi. Umati wote huo, na hakuna aliyefungua ukurasa wa pili. Swali lao lilikuwa moja: "Maman, ulisoma?" Niliwaeleza mpaka koo likakauka kwamba mimi nalipwa na klabu, si na wazazi wao. Wapi! Kwao mwanamke wa Lubumbashi mwenye umri wangu ni mama, na mama hakupi karatasi mbaya. Basi nikajiwekea sheria: mchezaji hasaini mpaka asome kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, na asipoelewa ninamfafanulia kwa Kiswahili. Wakanibandika jina la maîtresse, kama mwalimu wa shule ya msingi. Sikujali.

Dédé alikuwa beki wa kushoto, kijana mpole wa Likasi. Avenant yake ilikuwa ya miaka miwili, pamoja na mwaka wa tatu ambao, kwa makubaliano yetu, ungeongezwa yeye mwenyewe akitaka. Mwaka huo wa tatu ndio alioutegemea. Mke wake alikuwa amebaki Likasi na mtoto mchanga. Faili la kuwaleta lilisimama juu ya kibali chake cha kazi, na kibali kilisimama juu ya mkataba.

Siku ya kusaini ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha mikataba kwenye shirikisho la mpira. Saa nane mchana Mkurugenzi wa Michezo, wa tatu kati ya wale wanne, aliingia na nakala mpya. Plafond imejaa, akasema, na wamerekebisha jambo dogo la mpangilio kwenye ukurasa wa nne. Nikamwambia nataka kuusoma.

"Madame, uliusoma jana," akajibu, akitazama saa. "Au unataka tumpoteze?"

Simu ilikuwa ikilia, faksi ilikuwa ikisubiri, na Dédé alikuwa mlangoni na suti yake ya kanisani. Aliketi, akaitazama karatasi, kisha akanitazama mimi.

"Maman, ulisoma?"

"Ee, nilisoma."

"Bon. Kama weye ulisoma, leta bic."

Nikampa kalamu. Mimi, maîtresse.

Ukurasa wa nne niliusoma kesho yake, nilipokuwa nauweka kabatini. Mwaka wa tatu sasa ulikuwa kwa hiari ya klabu pekee. Nilikwenda kwa Mkurugenzi wa Michezo. Akasema sahihi ni sahihi. Nilikwenda kwa Mkurugenzi Mkuu; akaniuliza kama sikuwamo chumbani. Nilikuwamo. Kumwambia Dédé kulinichukua miezi miwili, na naona haya mpaka leo. Yeye ndiye aliyenituliza. "Haina neno, maman," alisema. "Nitacheza muzuri, batanibakisha."

Alicheza vizuri, na hawakumbakisha. Mkurugenzi wa Michezo alikuwa amepata mshambuliaji mpya na alihitaji nafasi chini ya plafond. Barua ya rejista ya kumwarifu Dédé niliichapa mimi. Alipata klabu ya daraja la pili, lakini kibali kipya kilimaanisha faili la familia lianze upya kutoka karatasi ya kwanza. Mke na mtoto walifika Brussels miaka minne baadaye. Mtoto akamwita baba yake monsieur, yaani bwana.

Nilistaafu miaka ya elfu mbili na kumi ikielekea ukingoni. Walinipa maua, na Mkurugenzi wa nne akahutubia kwamba sikuwahi kuruka hata nukta. Nilikunywa maji ya machungwa, nikachukua maua yangu.

Miezi michache baadaye Dédé alinipigia simu. Mpira ulikuwa umekwisha, akapata kazi ya kuendesha tramu, na alitaka nione mkataba. Tulikutana kwenye mkahawa karibu na Porte de Namur. Nilivaa miwani, nikanyoosha mkono. Hakunipa karatasi.

"Kaa, maman. Leo ni miye nitasoma."

Akasoma kwa sauti, kidole chini ya kila mstari: zamu, likizo, sare, hadi viatu. Watu wa meza ya jirani waligeuka. Kahawa yangu ikapoa. Kwenye ukurasa wa tano nilimwambia basi, nimeelewa.

"Bado, maman. Iko page ingine."

Alisoma yote saba. Kisha akatoa bic yake mwenyewe mfukoni, akaandika yale maneno matatu, na hakuniuliza kitu.