Visitación Upande wa Pili wa Kaunta

Visitación alianza kupika supu ya kitunguu saumu katika baa moja ya mtaa wa Húmedo, mjini León, Hispania, akiwa bado msichana, na hakuacha mpaka goti lake lilipogoma. Supu ile ilisifiwa mji mzima, lakini waliomjua mpishi walikuwa wachache. Jiko lilikuwa nyuma kabisa, na kati yake na ukumbi palikuwa na kidirisha cha kupitishia bakuli tu. Aliwajua wateja kwa mikono yao: mikono yenye pete, mikono yenye haraka, mikono ya wazee inayotetemeka. Sura hakuziona. Wenzake walipokuwa wakigonganisha glasi huko mbele, yeye alikuwa akikatakata mkate mkavu na kufuta jasho kwa kiwiko.

Mkate aliletewa na Laureano. Kila asubuhi Laureano aliingia kwa mlango wa nyuma, mabega meupe kwa unga, akatua mzigo na kusema, "Hajambo malkia wa moshi?"

"Malkia hajambo, ila mkate wako leo mgumu kama kichwa chako."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao miaka nenda miaka rudi, kila mmoja akiwa na mwenzi wake nyumbani, bila neno la ziada. Kisha mke wa Laureano akafariki. Baadaye Fermín, mume wa Visitación, naye akaondoka, moyo ulisimama akiwa anafunga viatu. Ndipo Amparo, dada yake Fermín ambaye hakuwahi kuolewa, alipohamia kwa wifi yake na masanduku yake yote, pamoja na picha kubwa ya marehemu, akaitundika juu ya meza ya chakula.

"Ili asione upweke," alisema.

"Nani, wifi? Yeye au wewe?"

"Wewe kula, chakula kinapoa."

Walipendana kwa namna hiyo, kwa kuchokozana. Lakini Visitación alipostaafu, jioni zikawa ndefu. Ikifika saa ya watu kutoka kwenda baa, masikio yake yalisimama yenyewe, kana kwamba kuna mtu ataita, "Bakuli mbili!" Hakuna aliyeita.

Jumamosi moja ya Oktoba kengele ya mlango ikalia. Amparo ndiye aliyefungua. Alikuwa Laureano, amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka kola inasimama.

"Laureano, siku hizi mkate tunaununua wenyewe," Amparo alisema.

"Sikuja na mkate, Amparo. Nimekuja kumwomba Visitación tukatembee."

Visitación akatokeza, mikono imejaa povu la sabuni. "Tutembee wapi?"

"Kanisa kuu kwanza, kabla jua halijazama. Halafu baa mbili tatu, kama watu wengine."

"Baa nazijua mimi."

"Unazijua kwa nyuma."

Visitación alimtazama wifi yake. Amparo aliitazama picha ya kaka yake, kisha akamtazama Laureano kuanzia viatu hadi kola.

"Utatoka na koti hilo?" hatimaye akamwuliza Visitación. "Limepauka viwikoni. Watu watasema nakuvalisha matambara." Akaingia chumbani, akatoka na koti lake mwenyewe la rangi ya zabibu, akamvisha na kumfunga vifungo kimoja kimoja, bila kutabasamu. Walipotoka, mlango ulifungwa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Visitación aliteremka ngazi roho ikimwuma.

"Amekasirika," alisema.

"Au mlango ni mzito," alisema Laureano.

Kanisa kuu Visitación alikuwa akiliingia tangu utotoni, lakini kila mara asubuhi, kwenye misa, kabla ya kwenda jikoni. Saa zile lile dirisha la duara lililo juu ya mlango mkuu huwa limefifia, halina mvuto. Sasa jua lilikuwa limeshuka nyuma yake, na dirisha lote lilikuwa linawaka. Rangi zilimwagika sakafuni, zikapanda kwenye nguzo, zikawafikia watu waliokaa. Visitación alinyoosha mikono, ile mikono yenye makovu ya mafuta ya moto, akaiona imekuwa ya buluu, kisha nyekundu.

"Una kijani puani," Laureano alimnong'oneza.

"Na wewe upara wako umeiva kama nyanya."

Wakacheka hadi mlinzi akawageukia na kuweka kidole mdomoni. Visitación akanyamaza, na kunyamaza kule kukageuka machozi.

"Hivi huwa hivi kila siku, saa hizi?"

"Kila siku ambayo jua lipo."

"Na mimi siku zote hizo nilikuwa wapi?"

Laureano hakuwa mtu wa maneno mengi. "Ulikuwa unatupikia," alisema, akampa leso.

Katika baa ya kwanza waliletewa glasi mbili ndogo za divai, na pamoja nazo, bila kuagiza, vipande vya mkate vilivyopakwa soseji ya damu, laini na ya moto. Visitación alikula akifumba macho. Kitu alichopikiwa na mtu mwingine! Lakini kukaa bila kazi hakukuweza. Alipanga visahani, akaokota makombo, akaanza kufuta kaunta kwa karatasi ya kufutia mikono.

"Mama, unatafuta kazi?" mhudumu akamtania.

"Kazi alishaacha," Laureano akajibu. "Tatizo mikono haijapata habari. Mwongeze glasi nyingine aishike."

Baada ya hapo wakaenda kwenye baa yake ya zamani. Visitación alisita mlangoni, lakini watu waliokuwa wakiingia wakamsukuma ndani, akajikuta amesimama mbele ya kile kidirisha, kwa upande ambao hakuwahi kusimama. Kilikuwa kidogo mno. Mikono ya mwanamke mgeni, kidole kimoja kimefungwa plasta, ikasukuma bakuli.

"Supu siyo ile," mzee mmoja pembeni yake alinung'unika. "Ile ya zamani ulikuwa ukiinywa unamkumbuka mama yako."

Visitación alinywa kijiko kimoja, akanywa kingine. "Ni nzuri," alimwambia mzee. "Mpeni nafasi tu." Kisha akainama kwenye kidirisha. "Dada! Asante kwa supu. Imenipasha moto mpaka vidole vya miguu."

Uso ukachungulia kutoka kwenye mvuke, umelowa jasho, umeshangaa. "Hapa hakuna mtu amewahi kuniambia hivyo."

"Najua," alisema Visitación. "Najua, mwenzangu."

Aliponyanyuka, mtu alikuwa anapenya katikati ya watu kwa viwiko, amepaka rangi ya mdomo, mkoba kifuani kama ngao. Alikuwa Amparo.

"Nimechoka kusikiliza televisheni," alisema kabla hajaulizwa. "Laureano, umekaa kama sanamu, huoni nimesimama? Lete glasi."

Laureano alikimbilia kaunta. Amparo akamsogelea wifi yake na kushusha sauti.

"Kaka yangu alikuwa mtu mwema, Visi. Nitamlilia mpaka nife. Lakini hakuwahi kukutoa hata mara moja. Nilimwambia, mpeleke mkeo akatembee. Akawa anasema kesho, kesho." Alikohoa kidogo. "Basi usinitazame hivyo, utaniharibia rangi ya mdomo."

Visitación alimkumbatia pale pale, katikati ya makelele na harufu ya vitunguu saumu.

Waliondoka baa zikiwa bado zimejaa. Kwenye njia ya mawe kuelekea nyumbani Amparo aliongeza mwendo, akatangulia.

"Kiuno kinanisumbua, nikisimama sitaweza kuanza tena!" alipaza sauti bila kugeuka. "Nyinyi njooni polepole!"

Laureano akaushika mkono wa Visitación, na Visitación hakuuondoa.

Mwaka uliofuata walioana, Amparo akiwa shahidi. Wanaishi wote watatu kwenye nyumba ile ile, na Amparo na Laureano hawapitishi wiki bila kugombana nani kamaliza jibini.