Neno la Upepo la Chebet

Harufu ya majani ya chai yanayonyaushwa kiwandani ndiyo iliyowaamsha majirani zetu asubuhi nyingi za utoto wangu. Upepo ulipotoka upande wa kiwanda, harufu hiyo ilipanda kilima hadi kijijini kwetu, juu kidogo ya Silibwet, ikaingia kila nyumba isipokuwa yetu. Yetu ilikuwa imezibwa. Mama alikuwa amesokomeza gunia na matambara kwenye dirisha la chumba chetu kwa sababu mdogo wangu Chebet alikuwa na kifua. Ndivyo tulivyosema, ana kifua, kana kwamba sisi wengine hatukuwa nacho. Alipopumua ulisikia mluzi mwembamba ndani yake, na baridi ilipozidi ule mluzi uligeuka kuwa kazi ya kutwa. Mama aliamini kwamba adui ni koristo, yaani upepo kwa lugha yetu ya Kikipsigis. Moshi wa kuni uliotoka jikoni na kujaa chumbani hakuuhesabu kuwa adui, maana moshi ulileta joto. "Funga hiyo mlango, Cherono!" alikuwa akinifokea. "Upepo itamuingia kwa kifua!"

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la tano na Chebet la tatu. Kiingereza tulifundishwa na Madam Akinyi, mama mnene mcheshi aliyetoka upande wa ziwani na kuolewa na fundi wa kiwanda. Siku moja aliandika ubaoni neno breeze, akasema huo ni upepo usiomdhuru mtu. Alitueleza kwamba neno lenyewe ni la mabaharia wa Uhispania na Ureno, na kwamba kwao lilikuwa jina la upepo wa kaskazini-mashariki, upepo wa baridi kali. Waingereza wakalichukua, likalainika midomoni mwao mwaka baada ya mwaka, mpaka likabaki upepo mwanana wa kupepea uso. Kwao ziwani, alisema, huja kila mchana kutoka majini, na watu hukaa nje kuungoja. Hakutuambia kwamba upepo huohuo ukipanda mpaka kwetu hugeuka wingu jeusi na mvua ya mawe inayochanachana chai. Alitutaka tu tulitamke, na hapo ndipo kazi ilipokuwa, kwa sababu ndimi zetu haziijui vizuri tofauti ya b na p. "Priiz!" darasa zima likaitikia. Madam akashika kiuno. "Nyinyi watoto, mnaniomba nini? Please ni ya kuomba. Hii ni ya upepo!" Tukacheka naye, tukarudia vilevile.

Jioni nilimpelekea Chebet neno hilo kama mtu anayeleta mandazi. Upepo usiodhuru! Alilipenda papo hapo. Kesho yake, Mama alipobeba kikapu chake kwenda kuchuma chai, tulichomoa matambara dirishani, Chebet akaegemeza kidevu kwenye mbao na kufumba macho. Sijawahi kumwona mtu akila hewa vile. Tangu hapo likawa neno letu la siri. Mama akiwa nyumbani na moshi umezidi, Chebet alinitazama na kusema kwa upole, "Priz," nami nilijua maana yake: Mama akitoka kukamua ng'ombe, fungua. Mama naye alilisikia, na kwa kuwa Kiingereza alichokijua ni kile watoto walichokitumia kuomba kanisani na shuleni, alifurahi mno. "Huyu mtoto yangu iko na adabu," aliwaambia majirani. "Hata akitaka maji anasema plis kwanza." Tulijifunika blanketi na kucheka mpaka Chebet akakohoa.

Kifua kilimbana vibaya mchana mmoja wa Agosti, wakati mawingu yalikuwa tayari yameshuka. Baba alikuwa mbali, Sigor, kwenye mazishi. Mama alinituma barabarani nisimamishe gari lolote litakalotufikisha hospitali ya Longisa. Mvua ya mawe ilinikuta pale, nikajikinga na gunia, na magari yaliyokuwepo yalikuwa yamejificha pia. Hatimaye ilipita pikapu ya maziwa, na dereva, mzee mwenye huruma, akakubali kuingia kwetu kwenye tope. Nilikimbia mbele yake nikimwita Mama. Nilipofungua mlango, giza na moshi vilinipokea. Mama alikuwa amemshika Chebet kifuani, amemfunga blanketi zote za nyumba ile, na dirishani ameongeza hata kanga yake ya kanisa ili upepo usipenye. Chebet alikuwa ametulia. Mluzi haukuwapo.

"Nimempa maji, nimempa chai, nimemfunika," Mama alisema, hakunitazama. "Kila nikimpa alisema plis. Plis, plis, mpaka akanyamaza."

Nilitazama lile dirisha. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa kila kitu pale pale.

Nimekua, nimesoma, na daktari mmoja amenieleza kwamba dirisha pekee lisingetosha, kwamba Chebet alihitaji dawa. Namwamini. Nimelitafuta pia lile neno kwenye kamusi kubwa. Nimekuta kwamba lina maana ya kazi rahisi, na ya majivu ya makaa, na kwamba zamani lilikuwa hata jina la nzi anayeuma ng'ombe. Ile maana yetu haimo, na atakayeijua baada yangu hayupo.

Siku hizi Mama anakaa katika nyumba ya matofali tuliyomjengea, yenye madirisha makubwa ya vioo ambayo yeye hayafungui. Kuni zimeondoka, anapikia gesi, wajukuu wake wakibanwa wana dawa ya kuvuta. Akina mama wa kanisa wakija, bado anawasimulia jinsi binti yake alivyokwenda kwa heshima, akisema plis, nao humshukuru Mungu pamoja naye. Mimi humimina chai. Mwezi uliopita, wageni walipoondoka, alinishika mkono.

"Cherono, wewe umesoma. Mtu akisema plis, si anaomba kitu?"

"Ndiyo, Mama."

"Sasa Chebet alikuwa anaomba nini? Nilimpa kila kitu."

Mvua ilikuwa inajikusanya nje na chumba kilikuwa na joto. Nilimtazama usoni, mwanamke huyu aliyevua kanga yake kuziba ufa.

"Alikuwa anakuomba umshike," nikasema.

Mabega yake yakashuka.

"Basi nilimpa," alisema.