Wivu wa Mguu Uliovunjika

Juma lililopita, nikisubiri mwanangu achanjwe hospitalini Kasulu, niliketi benchi moja na wanawake wawili ambao waume zao walianguka kutoka kwenye michikichi. Wa kwanza aliinua picha ya eksirei dirishani, akatuonyesha kwa kidole ufa kwenye mfupa wa mguu wa mumewe.

"Watamfunga plasta," alisema. "Kufika mavuno atatembea."

Wa pili, mtu wa Nyakitonto, alishika picha ya kichwa. Mumewe alikuwa ubavuni pake, akimtazama kama mgeni. Tangu aanguke hamtambui.

"Daktari anasema mfupa ni mzima. Nikamwuliza, na ubongo je? Akasema picha hii haifiki huko." Akaukazia macho ule ufa wa mwenzake. "Dada, una bahati. Wako kavunjika."

Nilidhani watagombana. Yule wa mguu aliishusha picha yake taratibu, akaifunika kwa kanga, kisha akamenya ndizi akampa mume wa mwenzake.

Nimeshaona watu wakificha sukari wasionewe wivu. Kuficha mguu uliovunjika, ndiyo kwanza nione.