Mtani Wangu na Kiingereza cha Wafu

Habari ilinifikia pale habari zote zinaponikuta: kitini. Jirani yangu wa hapa Annexe, pembeni mwa Lubumbashi, profesa wa mashairi ya Kiingereza cha kale, amefariki. Mnaonisoma kwenye safu hii mnanijua. Shule yangu iliishia sekondari, na safari yangu ndefu ni kutoka kitini hadi langoni, kwa hiyo msitarajie niipime elimu yake. Nitawaeleza tu ilivyosikika upande wangu wa ua. Kila asubuhi, akimwagilia lenga-lenga zake, yaani mchicha, alikariri kwa sauti mashairi ya lugha ambayo hata Waingereza wa leo haiwaingii. Na kwa kuwa koo zetu ni za watani, banungwe kama tunavyosema huku, kumtukana ilikuwa haki yangu.

"Munungwe, benye ile luga bote balikufaka. Unasemaka na nani?"

"Na weye! Vile unaikalaka ku kiti, bale balikufaka na weye, sione tofauti."

Hapo nami nilitoa kifua mbele na kumwiga, nikivuta sauti kama yeye. Alirudia ubeti uleule kwa nguvu zaidi. Nilidhani nimemkera, nikafurahi.

Alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini mwa Katanga. Kurasa za ngozi zilizoandikwa mashairi yale zilikuwa zimefungiwa katika maktaba za ng'ambo, na wenzake walimshauri afundishe Kiingereza cha mikataba ya migodi, chenye soko. Alikataa. Alisema mashairi yale yalitungwa kwa ajili ya watu waliokaa karamuni wakisikiliza, wengi wao wasiojua kusoma. Anayetaka kuyaelewa ayaweke kinywani kwanza, macho yatafuata. Alikua akisikia kasala, zile sifa wanazoimbiwa wafu kwao, hivyo shairi la kusikilizwa halikuwa ajabu kwake. Wanafunzi wake walikariri wakigonga meza kabla ya kutafsiri hata neno. Hilo ndilo aliloliandikia maisha yake yote, mpaka wasomi waliokaa jirani na zile kurasa wakaja Lubumbashi kumsikiliza. Niliwaona wamesimama kati ya lenga-lenga, viatu vimejaa tope, wameduwaa. Nilijivuna siku ile kama vile nilimfundisha mimi.

Alipoanza kuugua aliniita uani. "Ku kilio yangu bantu batalia sana. Weye usilie. Ubachekeshe. Ukishindwa, nitarudia kukutukana." Halikuwa ombi dogo. Kwetu mtani humwigiza marehemu mbele ya waombolezaji, na asiyetaniwa ni kama kazikwa nusu.

Basi siku ya kilio niliondoka kitini. Chini ya turubai walijaa maprofesa wenye tai. Nimevaa koti lake, nimeshika ndoo yake, na utani wote niliouandaa umenipotea. Mwishowe mjane wake akaniita: "Munungwe, unangojea nini? Yeye asubui hakukungojeaka!"

Nilifumbua mdomo, na kilichotoka ni ule mwigo wangu wa asubuhi, sauti ambazo siku zote niliziona kelele tupu. Nyuma kabisa wanafunzi wake wakanijibu, wakigonga viti vya plastiki. Nikageuka kuwatazama, wakaningoja. Nikajaribu ubeti uliofuata, nao ulikuwepo kinywani. "Papa, endelea! Ni yenyewe kabisa!" akapaza sauti mmoja wao. Mjane akaangua kicheko huku machozi yanamtiririka, na turubai zima likamfuata, hata wenye tai.

Sasa ndipo naelewa kwa nini alirudia ubeti kila nilipomwiga vibaya. Mimi nilidhani namchokoza, kumbe nilikuwa darasani, na kiti changu ndicho kilichokuwa dawati. Mwalimu wa kweli hangoji uwe umejiandikisha. Hufanya kazi yake kwa sauti, kila siku, karibu na mvivu, na siku moja mvivu anakuta ameijua. Mashairi yale yalianzia kinywani, yakalala karne nyingi kwenye ngozi, na kinywa cha sasa ni hiki changu, cha mtu asiyevuka hata barabara. Leo asubuhi nimemwagilia lenga-lenga zake. Na sikumwagilia kimya.